Fedha ya Makato si Mtaji wa Tajiri

Kila mwisho wa mwezi, katika viwanda, maduka, mashamba, gereji na ofisi za nchi hii, hufanyika jambo moja ambalo watu wamekwisha kulizoea hata hawalioni tena. Mfanyakazi hupewa karatasi ya mshahara. Juu ya karatasi hiyo imeandikwa fedha aliyoitolea jasho. Chini yake imeandikwa fedha atakayokwenda nayo nyumbani. Na katikati pana mistari michache iitwayo makato. Mfanyakazi huitazama mistari hiyo, huguna kidogo, kisha huikunja karatasi na kuitia mfukoni. Hasemi neno. Anaamini kwamba kilichokatwa kimekwenda kule kilikoandikwa.

Leo twataka kuuliza swali ambalo mfanyakazi huyo haulizi. Je, kimekwenda?

Twauliza kwa sababu twajua kwamba mara nyingine hakikwenda. Kilikatwa kwa kalamu, kikaandikwa karatasini, kisha kikabaki katika sanduku la kampuni. Kikanunua mafuta ya magari, kikalipa pango la ghala, kikaagiza bidhaa nyingine. Tajiri akisemeshwa husema, "Nitalipa mambo yakitengemaa." Mwezi wa pili mambo hayajatengemaa, na wa tatu vivyo hivyo. Siku maofisa wa kodi wanapobisha hodi, deni limekuwa kubwa kuliko mtaji, na tajiri huyo huanza kulia kwamba anaonewa.

Sisi twasema hivi. Fedha iliyokatwa katika mshahara wa mfanyakazi si mali ya tajiri, wala haijapata kuwa mali yake hata kwa siku moja. Ni amana iliyopita mkononi mwake. Anayeitumia kwa biashara yake hajachelewa kulipa deni. Ametumia mali ya mtu mwingine.

Lakini twasema pia, na kwa sauti ile ile, kwamba si kila tajiri anayegombana na mtoza kodi ni mwizi. Iko migogoro ya haki, na sheria imeiwekea njia. Tajiri mwaminifu ana haki ya kuipita njia hiyo bila kutishwa. Kazi yetu leo ni kuyatenganisha mambo haya mawili, maana yakichanganywa, mdanganyifu hujificha nyuma ya mwaminifu, na mwaminifu hupigwa fimbo iliyomstahili mdanganyifu.

KODI YA KICHWA NA KODI YA MSHAHARA

Watu wetu hawakuijua kodi kwa mlango mzuri. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, ianze kutozwa mwaka uliofuata, na moja ya makusudi yake ilikuwa kumtoa mwananchi shambani kwake akatafute kibarua katika mashamba ya wageni. Waingereza wakaiendeleza, wakaiongezea kodi ya kichwa. Wazee wetu walikimbilia porini walipowaona matarishi. Hata baada ya Uhuru tuliona kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliendelea kuiita kodi ya kichwa, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Ubaya wa kodi ya namna ile ulikuwa wazi kwa kila mtu: haikumuuliza mtu anapata nini. Iliuliza tu kama ana kichwa.

Kodi ya mshahara ni kitu kingine. Jina lake lenyewe ni lipa kadiri upatavyo. Mtindo huu wa kukata kodi kidogo kidogo katika mshahara ulianza Uingereza mwaka 1944, wakati wa vita kuu, pale wafanyakazi wengi walipoingizwa katika kodi ya mapato nao hawakuwa na uwezo wa kuilipa kwa mkupuo. Hapa kwetu msingi wake leo ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Mwenye mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi halipi kodi hii. Anayepita hapo hulipa, kwa sehemu inayozidi tu, 8 kwa mia hadi shilingi 520,000. Kisha ni 20 kwa mia hadi shilingi 760,000, na 25 kwa mia hadi shilingi 1,000,000. Kinachozidi milioni moja hutozwa 30 kwa mia. Hivyo ndivyo viwango vilivyowekwa tangu Julai 2021.

Mtu aweza kubishana juu ya viwango hivyo. Wapo wanaosema ngazi ya pili inaruka juu mno kutoka 8 hadi 20, na hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini hakuna atakayekana kwamba hii ni kodi inayoutazama mfuko wa mtu kabla ya kunyosha mkono. Kwa sababu hiyo ni kodi ya kulindwa. Na wa kwanza kuilinda ni yule aliyepewa kazi ya kuikata, yaani mwajiri.

HESABU YA MTU MMOJA

Maneno matupu hayavunji mfupa. Natufanye hesabu, na kila msomaji achukue kalamu yake. Twahesabu kwa viwango vya Tanzania Bara vya mwaka wa fedha 2023/24.

Tuseme fundi mmoja analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi, katika karakana yenye watu 10. Kwanza hukatwa mchango wake wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, 10 kwa mia, yaani shilingi 60,000. Mchango huo hautozwi kodi, basi kodi huhesabiwa katika shilingi 540,000 zinazobaki. Kwa ngazi tulizozitaja, kodi yake ni shilingi 20,000 kwa ngazi ya kwanza na shilingi 4,000 kwa ngazi ya pili, jumla shilingi 24,000. Fundi wetu ataondoka na shilingi 516,000. Kilichotoka katika jasho lake ni shilingi 84,000.

Sasa tumtazame tajiri wake. Naye hupaswa kuongeza mchango wake katika Mfuko huo, shilingi 60,000. Hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliishusha hadi 3.5 kwa mia, yaani shilingi 21,000. Hulipa pia mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nusu ya moja kwa mia, yaani shilingi 3,000. Jumla yake ni shilingi 84,000.

Ndugu msomaji, tazama mizani hiyo. Upande wa fundi 84,000, upande wa tajiri 84,000. Kila mmoja ameweka mezani sawa na mwenzake, na jumla ya shilingi 168,000 hukabidhiwa mtu mmoja tu azipeleke, naye ni tajiri. Kwa mafundi 10 wenye mshahara kama huo, ni shilingi 1,680,000 kwa mwezi. Nusu yake, shilingi 840,000, ni fedha ya wafanyakazi watupu. Kwa mwaka mmoja fedha hiyo ya wafanyakazi hufika shilingi 10,080,000.

Hapo ndipo penye kishawishi. Milioni 10 si fedha ndogo kwa mwenye karakana ya watu 10. Benki ikimkopesha itamtoza riba na kumdai rehani. Fedha ya makato haidai rehani wala haisemi. Imekaa kimya sandukuni, na mwenyewe yuko kiwandani anapiga nyundo, hajui lolote.

VISINGIZIO VITATU

Tumepata kuvisikia visingizio vingi vya wasiopeleka makato. Vitatu hurudiwa kuliko vyote.

Cha kwanza ni kwamba biashara imedorora. Huenda ni kweli. Lakini kama biashara imedorora hata mshahara wa shilingi 600,000 haupatikani, basi tajiri na awaambie watu wake waziwazi, wakae wazungumze, sheria za kazi zifuatwe. Kumwandikia mtu karatasini kwamba amelipwa 600,000 na kwamba 84,000 zimepelekwa, hali hazikupelekwa, si kudorora kwa biashara. Ni uwongo ulioandikwa na kutiwa mhuri.

Cha pili ni kwamba wateja hawajalipa, na mara nyingine mteja huyo ni ofisi ya umma. Hiki twakisikiliza kwa makini, maana kina ukweli ndani yake. Wapo makandarasi na wauzaji wa bidhaa waliofanya kazi za umma wakangoja malipo muda mrefu, huku tarehe za kodi hazingoji. Serikali inayodai kulipwa siku ya saba ya mwezi hapana budi nayo iwe mlipaji wa wakati. Hilo twalisema bila kuficha. Lakini halimruhusu tajiri kuhamisha shida yake na kumtwika fundi asiyejua mkataba wa zabuni ulivyoandikwa.

Cha tatu ni kwamba sheria ni nyingi mno. Kodi hupelekwa kwa Mamlaka ya Mapato pamoja na tozo ya ufundi, na zote mbili hutakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Michango ya uzeeni hupelekwa penginepo, fidia penginepo, kila mahali na fomu zake. Hapa tena twakubali kwamba mzigo upo. Mwenye duka la watu 10 hana idara ya uhasibu. Ana karani mmoja, na pengine karani huyo ni mkewe. Lakini ugumu wa fomu haujapata kumzuia mtu kukata. Twaona kwamba sehemu ya kukata huwa rahisi sana, sehemu ya kupeleka ndiyo huwa ngumu.

KIBARUA WA MIAKA MITATU

Uko ujanja mwingine ambao ni wa hatari zaidi, kwa sababu haukati kitu, na kwa hiyo mfanyakazi mwenyewe huupenda mwanzoni. Tajiri humwambia mtu: wewe si mfanyakazi wangu, wewe ni mtoa huduma. Humwandikia mkataba wa miezi 3, ukiisha humwandikia mwingine, na mwingine, mpaka miaka mitatu inapita. Katika malipo yake humkata kodi ya zuio ya 5 kwa mia, ile ya watoa huduma, basi. Hakuna mchango wa uzeeni, hakuna tozo ya ufundi, hakuna fidia. Jina lake halimo katika orodha yoyote.

Yafaa ieleweke kwamba sheria haidanganyiki kwa jina. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeweka alama za kumtambua mfanyakazi, na ikionekana hata moja kati ya hizo, mtu huyo huhesabiwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Je, namna yake ya kufanya kazi husimamiwa na mwingine? Saa zake za kazi hupangwa na mwingine? Yeye ni sehemu ya shirika hilo? Amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita? Riziki yake yamtegemea huyo huyo? Hupewa vyombo vya kazi? Hutoa huduma kwa mtu mmoja tu?

Mlinzi anayesimama langoni kila usiku, amevaa sare ya kampuni, ameshika rungu la kampuni, huyo ni mtoa huduma wa namna gani? Mpishi anayeingia saa 11 alfajiri na kutoka saa 10 jioni kwa amri ya meneja, biashara yake mwenyewe iko wapi? Ofisa wa kodi akifika na kuwahesabu watu hawa kuwa wafanyakazi, tajiri hudaiwa kodi ya miaka yote aliyoiruka, pamoja na riba. Sheria ya Kodi ya Mapato yasema wazi kwamba mwajiri aliyeshindwa kukata kodi iliyompasa kuikata, atailipa kana kwamba aliikata. Anaruhusiwa kuidai kwa mfanyakazi, lakini nani atampata mpishi aliyeacha kazi miaka miwili iliyopita? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

NANI ANAUMIA

Msomaji aweza kusema: ikiwa tajiri hakupeleka kodi, Serikali itamdai tajiri, mfanyakazi amepoteza nini? Kwa upande wa kodi yenyewe, hoja hiyo ina mahali pake. Mdaiwa ni mwajiri. Ingawa hata hapo, dawa isiyonunuliwa na barabara isiyochimbwa haimuumizi tajiri mwenye gari la kupita matope. Humuumiza fundi.

Lakini kwa upande wa michango ya uzeeni mambo ni mazito zaidi. Tangu ulipoundwa Mfuko wa Akiba wa Taifa kwa sheria ya mwaka 1964, na kisha kugeuzwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa sheria ya mwaka 1997, kusudi limekuwa moja: mtu aliyeitumikia nchi kwa mikono yake asiombe chakula uzeeni. Ili apate pensheni ya kila mwezi ya uzee, mwanachama hutakiwa awe amechangia miezi 180, ndiyo kusema miaka 15. Kila mwezi usiopelekwa ni mwezi ambao haumo katika hesabu hiyo mpaka mwajiri abanwe aulipe. Miezi 12 ikikatwa na kuliwa, mfanyakazi amerudishwa nyuma mwaka mzima bila kuambiwa. Atakuja kuambiwa siku ile amekwenda na mvi zake dirishani, na kampuni aliyoitumikia imekwisha kufungwa, ubao wake umeng'olewa ukutani, na mwenyewe hajulikani aliko.

Hiyo ndiyo sababu twakataa kuliita jambo hili kosa la makaratasi.

UGOMVI WENYE HAKI

Sasa tuje kwa tajiri mwaminifu. Huyu amepeleka makato yake kila mwezi. Lakini maofisa wamekuja, wamepitia vitabu, wamemletea kadirio jipya ambalo yeye haliafiki. Yawezekana wanasema gari analotumia meneja ni sehemu ya mshahara wa meneja. Sheria kweli imeweka thamani ya gari kwa ukubwa wa injini. Gari la kati ya sisi 1,000 na 2,000, lisilozidi miaka 5, huhesabiwa shilingi 500,000 kwa mwaka, na thamani hiyo huongezwa katika mapato ya meneja na kutozwa kodi. Lakini sheria hiyo hiyo yasema thamani hiyo haihesabiwi ikiwa mwajiri hakudai gharama za gari hilo katika hesabu zake za kodi. Hapo pana jambo la kubishana. Au wanasema mafundi sita waliopewa kazi ya wiki mbili ya kupaka rangi walikuwa waajiriwa. Hapo pia pana jambo la kubishana.

Mtu huyu afanye nini? Asifunge duka, asitafute mjomba katika ofisi kubwa, asipitishe bahasha chini ya meza. Njia ipo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 yampa siku 30 tangu alipopewa uamuzi, apeleke pingamizi lake kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu, akieleza sababu zake. Katika siku hizo hizo hutakiwa kulipa kodi ile asiyoibishia, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Akiwa na sababu nzuri, aweza kumwomba Kamishna Mkuu ampunguzie au amsamehe malipo hayo ya awali. Kamishna Mkuu naye amewekewa miezi 6 ya kuamua pingamizi.

Asiporidhika, huenda Bodi ya Rufani za Kodi: siku 30 za kutoa taarifa ya kusudio, siku 45 za kuleta rufani yenyewe. Kutoka hapo, Baraza la Rufani za Kodi. Na mwisho, Mahakama ya Rufani, lakini huko husikilizwa hoja za sheria tu, si kubishania tena hesabu.

Mambo mawili twataka wenye biashara wayashike. La kwanza ni siku. Tajiri anayekaa na barua mezani kwa miezi miwili akimngoja rafiki yake arudi safari, amekwisha kushindwa kabla ya kusema. La pili ni daftari. Katika rufani ya kodi, mzigo wa kuthibitisha kwamba kadirio limezidi ni wa mlipa kodi, si wa Kamishna. Kwa hiyo sheria imemtaka atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo na tuongeze kwamba hata haki bila daftari hupotea vivyo hivyo. Wale mafundi sita wa rangi, mkataba wao uko wapi? Stakabadhi ya malipo yao iko wapi? Kama ipo, ugomvi huo ni wa nusu saa. Kama haipo, hata wakili hodari atasimama mikono mitupu.

Lakini fedha iliyokatwa katika mishahara, ikaandikwa, isipelekwe, hiyo haina pingamizi. Hakuna hoja ya sheria ndani yake. Dawa ya deni ni kulipa. Tajiri anayetaka kusikilizwa juu ya gari la meneja, na aje akiwa na stakabadhi za makato ya mafundi mkononi.

WAJIBU WA MTOZA KODI

Mamlaka ya Mapato imekuwapo tangu Julai 1996. Twaiheshimu kazi yake, nasi twapenda iheshimiwe na wananchi. Kwa hiyo twasema yafuatayo kwa nia njema.

Theluthi ya kadirio ni mlima kwa mtu mdogo. Kampuni kubwa yenye mawakili huweza kuitoa na kungoja. Mwenye karakana aliyekadiriwa shilingi 30,000,000 kwa makosa hutakiwa atafute shilingi 10,000,000 katika siku 30 ili asikilizwe tu. Asipozipata, kosa la karani wa kodi hugeuka kuwa ukweli. Uwezo wa kupunguza malipo hayo umo tayari katika sheria. Basi na utumike kwa haki, kwa sababu zinazojulikana na kwa majibu ya haraka, wala usiwe zawadi ya anayejuana na watu.

Tena, Mamlaka inayomhesabia mlipa kodi siku 30 na ijihesabie yenyewe miezi 6. Pingamizi linalokaa kabatini ni biashara iliyofungwa miguu, na nyuma ya biashara hiyo wapo mafundi 10 wasiojua kama mwakani watakuwa na kazi. Nchi hii imeona wafanyabiashara wa Kariakoo wakifunga maduka mwezi Mei 2023, na tena mwezi Juni 2024, kwa malalamiko yao juu ya kodi na namna ya kuitoza. Malalamiko yale hayakuwa ya kodi ya mishahara. Lakini somo lake ni lile lile: mahali pasipo na pa kusikilizwa, watu huongea kwa kufunga milango.

Na juu ya tozo ya ufundi twasema neno moja. Waajiri hulalamika kwamba hawaoni fedha yao yote ikienda vyuoni. Tozo iliyotungwa kwa jina la kumfundisha kijana useremala na umeme, na imfundishe kijana useremala na umeme. Mtu hulipa kwa moyo anapoona fedha yake imegeuka kuwa fundi.

MFANYAKAZI NAYE

Twamaliza na wenzetu wafanyakazi, maana hatupendi kuwasema matajiri peke yao.

Wako wafanyakazi wanaokubali mishahara miwili. Mmoja wa karatasi, shilingi 270,000, usiofika kodi. Mwingine wa mkononi, usioandikwa popote. Hucheka pamoja na tajiri kwamba wameipiga chenga Serikali. Ndugu zetu, mliyempiga chenga ni nyinyi wenyewe. Mchango wa uzeeni huhesabiwa katika mshahara wa karatasi, na pensheni hufuata mchango. Siku mkono wa fundi utakapoingia mashineni, fidia itauuliza mshahara ulioandikwa, si ule wa bahasha. Siku atakapofukuzwa na kwenda kudai, ataonyesha nini?

Kwa hiyo kila mfanyakazi na aitunze karatasi yake ya mshahara kama atunzavyo hati ya kiwanja. Kila baada ya miezi michache aulize katika Mfuko michango yake imefika mwezi gani. Akikuta pengo, asinyamaze kwa kumwonea haya tajiri. Amwambie, awaambie viongozi wa chama chake cha wafanyakazi, na Mfuko wenyewe uarifiwe. Kamati za wafanyakazi mahali pa kazi na zilifanye hili kuwa ajenda ya kila mkutano: si nyongeza ya mshahara tu, bali makato yalikwenda wapi? Na ajue kwamba tozo ya ufundi na mchango wa fidia ni mizigo ya mwajiri peke yake. Akiikuta katika mistari ya makato yake, amekatwa kisichomhusu.

Twarudi kwenye ile karatasi iliyokunjwa mfukoni. Haina uzito hata wa manyoya, lakini imebeba ahadi tatu: ya mfanyakazi kwa nchi yake, ya nchi kwa uzee wa mfanyakazi, na ya tajiri kwa wote wawili kwamba atakuwa mjumbe mwaminifu. Tajiri anayeitimiza ahadi hiyo ni mjenzi wa nchi, nasi tutakuwa upande wake siku atakapokadiriwa kwa makosa. Tajiri anayeivunja asituombe tumtetee.

Mwezi huu ukiisha, mfanyakazi, usiikunje karatasi hiyo haraka. Isome. Kisha uliza.